Mwalimu Anakuja Kuangalia Kitanda

"Nafasi ipo," mwalimu mkuu alisema, na nusura Mama Swali aruke kitini. "Lakini ni ya mtoto anayeishi hapa mtaani."

"Anaishi hapa, mwalimu."

"Hapa wapi?"

Mama Swali alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi. Alikuwa na jibu la umri wa mtoto, la chanjo, hata la kama anajua kuhesabu hadi mia bila kuruka sabini. Hili la wapi hakulitegemea. Akatupa macho dirishani, akaona nyumba ya bati jekundu ng'ambo ya uwanja wa mpira, akanyoosha kidole.

"Pale."

Mwalimu mkuu naye akageuka kutazama, kisha akavua miwani taratibu. "Pale ni kwangu."

Hakukasirika. Alikuwa mtu mzima aliyezoea kudanganywa na wazazi, na alionekana kuwapima wazazi kama anavyowapima wanafunzi. Mama Swali alijua kabisa kwamba kwenye mtihani ule ameshika mkia.

"Mwaka jana," mwalimu mkuu akasema, "nyumba moja ya vyumba viwili iliniletea watoto kumi na wanne wa darasa la kwanza, wote wa baba mmoja. Nikamwita huyo baba nimpongeze. Majina yao hayajui."

"Sasa tufanyeje, mwalimu?"

"Hamieni. Barua ya mwenyekiti wa mtaa siitaki tena, barua kila mtu anayo. Siku hizi namtuma mwalimu wa darasa la kwanza nyumbani akaangalie kitanda. Anakwenda mchana, na hasemi siku. Akikuta kitanda, na mtoto akasema ndiyo, nalala hapa, jina linaingia. Asipokuta, nafasi anapata mwingine. Watoto wanaotoka mbali wananifikia hapa hoi. Nitamfundisha nani, usingizi?"

"Mpaka lini, mwalimu?"

"Mwezi ujao ukiisha, nimefunga."

Mama Swali akatoka akiwa na moyo mzito na hasira kidogo. Hasira yenyewe haikuwa ya mwalimu. Ilikuwa ya lile bati jekundu. Nyumba zote zile za mtaani, na yeye akaenda kuchagua ile.

*

Shule hiyo aliichagua kwa sweta. Mama Swali alikuwa mpiga pasi katika dobi moja kubwa katikati ya jiji, na sare za shule karibu zote zilipita mikononi mwake. Hakuhitaji kusoma matokeo kwenye gazeti. Sare za shule nyingi, alisema, huchakaa makalioni kwa kukaa. Sare za shule ile ya mtaa wa pembeni ya jiji, shule ya serikali isiyo na ada ya kutisha, zilikuwa zikichakaa viwikoni. Kiwiko hakitoboki bure. Kinatoboka kwa kuegemea dawati na kuandika. Wenzake kazini walimcheka, lakini wawili kati yao walianza kukagua sweta kimyakimya.

Sketi ya mwanawe ilikuwa imechakaa kila mahali. Chekechea ya jirani na soko la jumla, walikokuwa wakikaa, ilijaza watoto mpaka wengine wakawa wanaketi sakafuni, na mwanawe alikuwa miongoni mwa hao. Mtoto huyo walimpa jina la Swali tangu alipojifunza kusema. Alikuwa akiuliza kwa nini paka hana suruali, na kwa nini mtu akipiga chafya hufumba macho, na nani aliyeamua kwamba Jumatatu ije baada ya Jumapili. Mwalimu wake wa chekechea alimwita mama akamwambia kwa upole, "Mwambieni apunguze, dada. Wako wengi mno, siwezi." Na kweli Swali alipunguza. Kisha siku moja alirudi, akanywa chai yake, akakaa kwenye mkeka hadi jioni bila kuuliza chochote. Mama yake alimpima homa. Homa hakuwa nayo, na hilo ndilo lililomtisha.

"Mtoto mwenye akili husoma popote," alisema mama mkwe, aliyekuwa akikaa nao na kulala kitanda kimoja na mjukuu wake. "Huyu baba yake alisoma amekalia debe."

"Na akawa nani, mama?"

"Akawa fundi!"

"Fundi rangi anayepaka ukuta wa watu bila kuambiwa."

Hapo palikuwa na ukweli. Mume wa Mama Swali mtaa mzima ulimwita Brashi, na hakuwa na ugonjwa mwingine duniani ila huo: hakuweza kukaa chumba kimoja na ukuta mbaya. Siku alipokwenda kuposa, wazee walipomuuliza kama amempenda binti, alikuwa anatazama dari. "Hapo juu pana maji," ndilo neno la kwanza wakwe zake walilomsikia akisema. Msibani alikuwa akikwaruza magamba ya rangi kwa kucha. Hospitali, mkewe alipojifungua, wauguzi walimkuta kwenye korido na ngazi aliyoazima.

"Tutahama," Brashi alisema sasa, bila kuinua macho kutoka kwenye brashi aliyokuwa anaisafisha kwa mafuta ya taa. "Kama mtoto anataka kitanda kule, atapata kitanda kule."

"Kwa hela ipi?" mama yake akauliza.

"Hela ya nyumba mbaya, mama. Kila mtaa mzuri una nyumba moja mbaya. Hiyo ndiyo yetu."

*

Wakampata dalali. Watu walimwita Hatua Mbili kwa sababu kwake kila kitu kilikuwa hatua mbili: shule hatua mbili, maji hatua mbili, kituo cha basi hatua mbili. Alitaka hela ya kuonyesha nyumba kabla ya kuonyesha chochote, akaitia mfukoni, akawatembeza Jumapili nzima, yeye mbele na familia nyuma, mama mkwe akihema na kulaani kwa sauti ya chini.

Nyumba ya kwanza ilikuwa chumba kilichobanwa chini ya ngazi za nyumba nyingine.

"Mtoto atalala wapi?" Mama Swali akauliza.

"Dada, chumba kina urefu."

"Urefu wa kwenda juu. Atalala amesimama?"

Ya pili ilikuwa nzuri, na Mama Swali alifanya kosa la kuitamani mapema. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, mwanamume mnene mwenye adabu. Aliwasalimu vizuri, akamsifia mama mkwe afya yake, kisha akamgeukia Brashi. "Na bwana, shughuli zako?"

"Fundi rangi."

"Ahaa. Wa kampuni? Mshahara wa mwezi?"

"Wa kujitegemea. Kazi ikipatikana."

Uso wa yule bwana haukubadilika hata kidogo, na hapo ndipo Mama Swali alipojua. "Pole sana," akasema. "Nyumba imeshachukuliwa."

"Imechukuliwa lini?" Swali akauliza.

"Sasa hivi, mjukuu wangu."

"Na nani?"

Yule bwana akamtazama dalali, dalali akatazama viatu vyake. Brashi akamshika mwanawe mkono. Hakusema neno mpaka kona ya barabara, na alipolisema lilikuwa hili: "Lipu yake yenyewe ina nyufa." Mkewe alijua kwamba hiyo ndiyo njia yake ya kuumia.

Ya tatu Hatua Mbili hakutaka hata kuwaonyesha. "Hiyo nawaambia mapema, watu wanaikimbia." Ilikuwa nyumba ndogo ya vyumba viwili na kijumba cha jiko, imejengwa nyuma ya nyumba ya mkunga mstaafu aliyekuwa akiishi peke yake. Bi Mkunga, kama mtaa ulivyomwita, alitoka na gauni la kufagilia, akawafungulia mlango na yeye mwenyewe akasimama nje.

"Mimi sidanganyi mtu," akasema. "Ukuta unaumwa. Wapangaji wawili wamehama, wa mwisho usiku usiku bila kuniaga. Mkiingia, mmeingia macho yenu yako wazi."

Ukuta ulikuwa unaumwa kweli. Rangi yake ilikuwa ya dawa ya kikohozi, na unyevu ulikuwa umepanda hadi nusu, wenye ukungu mweusi pembeni. Nyumba ilinuka kama kitambaa cha kupigia deki kilichosahauliwa. Kodi yake, Bi Mkunga alipoitaja, ilimfanya Mama Swali aombe airudie. Akairudia. Ilikuwa kodi wanayoiweza, kwa kukaza mkanda na kuacha nyama.

Toka dirishani kengele ya shule ingesikika. Mama Swali akampa Bi Mkunga mkono, wakakubaliana: Jumamosi wanakuja na kodi, Brashi akishalipwa kazi ya ofisi aliyokuwa anaimalizia. Kisha akamtafuta mumewe. Alimkuta chumba cha ndani, pua karibu na ukuta, macho yamemlegea kama ya mtu aliyependa.

"Sikiliza," akamwambia. "Usiguse."

"Nilikuwa naangalia tu."

"Usiguse mpaka tumelipa, tumehamia, na kitanda kimeingia. Umenisikia, baba Swali?"

"Nimesikia."

Na kusikia alisikia.

*

Jumatano kazi ya ofisini ilisimama kwa kukosa vifaa. Brashi akaamua apite tu kule kwa Bi Mkunga akaangalie unyevu unatoka wapi. Kuangalia si kugusa. Akapanda juu, akakuta mfereji wa bati umepasuka, na maji yote ya mvua kwa miaka mingi yamekuwa yakishuka ndani ya ukuta. Kuziba mfereji nako si kupaka rangi. Alipomaliza akaona haidhuru akikwangua ule ukungu, maana ukungu ni maradhi na mtoto atalala hapo. Ulipokwisha kukwanguliwa, ukuta ulibaki uchi, na ukuta uchi Brashi hakuweza kuuacha, kama vile watu wengine wasivyoweza kumwacha mtoto analia. Jua lilikuwa kali wiki hiyo. Ukuta ulikauka upesi, kama nao ulikuwa katika njama.

Bi Mkunga alimletea chai. "Unapaka bure, baba?"

"Ni nyumba yetu, bibi. Yaani, itakuwa."

Alikuwa na masalio ya rangi za kazi mbalimbali, akazichanganya mpaka akapata rangi ya krimu iliyotulia, na fremu za madirisha akazipa kahawia iliyoiva. Ijumaa jioni alirudi nyumbani na madoa kwenye kope, akasimama mbele ya mkewe akitabasamu.

"Nina zawadi yako," akasema.

Mama Swali akamtazama kope, akamtazama kucha, akaketi. "Umegusa."

"Njoo uione kesho. Hutaijua!"

"Nani mwingine ameiona?"

Brashi akafikiri. "Bi Mkunga. Alifurahi mpaka akaita majirani. Na yule dalali alipita."

Mama mkwe, ambaye hakuwa akikubaliana na mkwewe hata juu ya saa ya kunywa chai, aliweka kikombe chini. "Mwanangu," akasema, "umetumaliza."

*

Jumamosi walifika na kodi kwenye bahasha na godoro na mbao za kitanda kwenye mkokoteni. Getini lilikuwa limesimama gari dogo jeupe. Hatua Mbili alikuwa uani na mume na mke wanaofanya kazi benki, nguo zao zimepigwa pasi vizuri kiasi kwamba Mama Swali alizitambua. Ile blauzi ya mwanamke alikuwa ameishika mwenyewe Alhamisi.

"Angalia mwanga unavyoingia!" yule mwanamke alikuwa anamwambia mumewe. "Na hii rangi, jamani. Imetulia."

"Asante," Brashi akasema.

Mama Swali akamkanyaga mguu.

Bi Mkunga alikuja akiangalia chini. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana aliona aibu, lakini aibu haikumzuia. "Mwanangu, Waswahili wamesema kizuri chajiuza," akaanza. "Nyumba nilikuwa siijui thamani yake. Hawa wenzenu wametaja kodi yao wenyewe, mimi sikuwaomba." Akaitaja. Ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kupeana mikono.

"Lakini ni mimi niliyepaka!" Brashi akasema.

"Na umepaka vizuri, kaka," Hatua Mbili akamwambia kwa dhati. "Hakuna anayebisha."

"Tulipeana mkono, bibi," Mama Swali akasema.

"Tulipeana. Tulipeana mkono kwa nyumba inayoumwa. Hii imepona." Bi Mkunga akavuta pumzi. "Na mimi ni mjane wa pensheni, mwanangu. Paa langu mwenyewe linavuja."

"Nitairudisha!" Brashi akapaza sauti. "Kama tatizo ni uzuri, naweza kuirudisha kama ilivyokuwa."

"Utapaka ukungu?" mkewe akamuuliza.

"Kwa sifongo inawezekana. Unachovya kidogo kidogo..."

Mama Swali alitaka kulia, akajikuta anacheka, na kicheko kilimtia hasira zaidi kuliko kilio. Shukrani ya punda ni mateke, ndivyo walivyosema wahenga, lakini punda angalau hupiga mateke mwenyewe. Huyu mume wake alikuwa ameenda kumnunulia punda viatu. Mwezi ulikuwa unakatika, mwalimu angeweza kuja siku yoyote, na kitanda cha mtoto wake kilikuwa bado ni vipande vya mbao juu ya mkokoteni, nje ya geti la watu.

Wale wa benki walisema wataleta jibu Jumatatu. Walimuaga dalali kwa mkono. Walipompita Bi Mkunga, aliyekuwa amesimama kwenye baraza lake la mbele na gauni lake la kufagilia, yule mwanamke akampa tabasamu la huruma.

"Asante, bibi," akamwambia. "Tafadhali mwambie mwenye nyumba kwamba tutampigia."

Gari likaondoka. Bi Mkunga alibaki na mkono umeinuliwa nusu. Kisha akageuka polepole, akaitazama nyumba yake mwenyewe: kuta zimepauka, fremu zimebanduka, baraza limeota kutu kwenye nguzo. Nyuma yake ile ndogo iling'aa kama bibi harusi.

Mama Swali hakuwa amesomea kitu kikubwa, lakini alikuwa ameshughulika na wateja kwa miaka, na alijua dakika ambayo mtu anajiona kwenye kioo. Akapanda barazani, akaketi bila kukaribishwa.

"Bibi, umezalisha watoto wangapi mtaa huu?"

"Nusu ya mtaa," Bi Mkunga akajibu, sauti imekauka.

"Na leo umedhaniwa mtumishi nyumbani kwako mwenyewe."

"Hakuwa na nia mbaya yule."

"Hakuwa. Na kila mgeni wao atakayepita hapa naye hatakuwa na nia mbaya. Watakusalimu vizuri sana. Watadhani wewe ndiye unayewafulia."

Kutoka upande wa dirisha wakasikia sauti ndogo, kwaruu, kwaruu. Brashi alikuwa ameanza kukwangua fremu ya Bi Mkunga kwa kucha, bila kujijua.

"Huyu mume wako," Bi Mkunga akasema, akimtazama, "ana nini?"

"Anaumwa, bibi. Ugonjwa wake ndio kodi yangu. Tuachie nyumba kwa bei ya kwanza, naye atapaka hii ya mbele na kuziba paa. Lakini kwa masharti yangu."

"Masharti yako?"

"Ukuta mmoja kila robo mwaka. Si zaidi."

"Mbona polepole hivyo?"

"Kwa sababu akimaliza, bibi, utapata mpangaji mwingine mwenye gari."

Bi Mkunga alimtazama muda mrefu, jinsi alivyokuwa akiwatazama wanawake waliosema hawasikii uchungu bado. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo, na nguzo ikamwachia kutu mkononi. "Ingizeni godoro," akasema. "Lakini aanze na hili baraza."

Hatua Mbili alidai hela yake ya udalali pale pale. Mama mkwe alimwambia aifuate, iko hatua mbili.

*

Walihamia, na kwa wiki ya kwanza Mama Swali aliona amelishinda jiji. Kisha akaanza kulilipa. Dobi lilikuwa kule kule katikati, halikuhama na yeye. Alitoka nyumbani taa za barabarani bado zinawaka, akabadilisha basi mara mbili, akasimama kwenye pasi mpaka jioni, akarudi mtoto amelala. Brashi alifuata kazi kokote zilikokuwa, na kazi zote zilikuwa mbali. Siku alizobahatika kuwahi, alikaa barazani akiutazama ukuta wa mbele wa Bi Mkunga uliopakwa nusu, aliokatazwa kuumalizia kabla robo haijaisha. Alikonda. "Ni mateso," alimwambia mama yake, naye mama yake akamwambia ni elimu.

Swali alibaki na bibi yake. Bibi alimpeleka mpaka kwenye uzio wa shule kuangalia wenzake wakicheza, wakarudi, wakala, wakalala. Mama yake alipata habari zake kwa bibi, asubuhi, kwa kunong'ona, huku akitafuta kiatu cha pili. Alijiambia ni kwa muda. Kila alipojiambia hivyo aliona haya kidogo, maana hakujua ni kwa muda gani.

Wiki ya mwisho ya mwezi mashine kubwa ya kule dobi ikaharibika, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani asubuhi hiyo hiyo bila malipo. Mama Swali alifika kwake mchana, jua liko juu, akastaajabu jinsi mwanga ulivyoingia vizuri vyumbani. Yule mwanamke wa benki alikuwa amesema kweli. Alikuwa hajawahi kuiona nyumba yake mchana ila Jumapili, na Jumapili alikuwa anafua.

Hajavua hata mtandio, geti likagongwa. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, mwenye viatu vya kutembea sana. "Nimekuja kuangalia kitanda," akasema, kama vile msoma mita anavyosema amekuja kuangalia mita.

Mama mkwe alitandika shuka iliyokuwa imeshatandikwa. Brashi hakuwepo. Bi Mkunga alitokea uani akijifanya anaanua nguo ambazo hakuzianika. Wote wakajaa kwenye kile chumba cha ndani, mbele ya kitanda kimoja cha mbao, na mwalimu akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya Swali.

"Hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Hiki ni kitanda cha nani?"

"Cha bibi."

Mama Swali akamtazama mama mkwe.

"Na wewe unalala wapi?"

"Hapo hapo. Upande wa ukuta. Bibi ananisukuma." Swali akamkagua mwalimu. "Wewe unalala na nani?"

"Peke yangu," mwalimu akasema, akicheka.

"Huogopi?"

"Siku nyingine naogopa. Na mama na baba, wao wanalala wapi?"

"Wao hawakai hapa," Swali akasema.

Bi Mkunga akadondosha kibanio cha nguo.

"Wanakaa kazini," Swali akaeleza, kwa subira, kama anayemfundisha mtu mzima jambo rahisi. "Hapa wanakuja Jumapili."

Mwalimu akasimama. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameona wazazi wengi walioacha mtoto na bibi kizee kwenye mtaa mzuri ili waibe nafasi, na ilimbidi aulize. "Mama, samahani. Wewe unaishi hapa?"

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa kweli. Kodi ilikuwa imelipwa, na magauni yake yalikuwa yananing'inia nyuma ya mlango ule ule. "Ndiyo, mwalimu," Mama Swali akasema, "naishi hapa," na sauti ikamtoka nyembamba, kama ya mtu anayedanganya. Ilimuuma. Ilimuuma zaidi kwa sababu hakuweza kumlaumu mtoto.

"Anaishi hapa," mama mkwe akadakia. Hakuwa na mazoea ya kumtetea mkwewe, na ilisikika. "Mtoto anakuwa amelala, hamwoni. Mimi silali. Kila siku namsikia anavua viatu mlangoni asituamshe, halafu anakuja hapa anasimama. Anasimama tu, anamtazama. Namwona."

Mama Swali hakujua kwamba anaonekana.

Mwalimu alikitazama kitanda kwa mara nyingine, akamtazama yule mama kikongwe, akatoa kalamu. "Shule ikifunguliwa, aje na viatu vyeusi," akasema. "Na hayo maswali yake aje nayo. Darasani kwangu yana nafasi."

Alipotoka, Bi Mkunga alipiga vigelegele uani mpaka mtaa ukadhani kuna aliyejifungua. Mama mkwe akaenda kutenga chai. Mama Swali akaketi kwenye kitanda, akamvuta mwanawe magotini, akamnusa nywele. Alikuwa amekua. Miguu ilikuwa karibu kugusa sakafu.

"Mama," Swali akasema, "leo unaondoka saa ngapi?"

"Leo siondoki, mwanangu."

Swali akafikiri kidogo.

"Na kesho?"